Kulala Usiku Mmoja Goblin Valley: Mwongozo wa Kutembelea Bonde la Vibwengo vya Mawe, Utah

Jimbo la Utah, magharibi mwa Marekani, linajulikana kwa hifadhi zake tano za taifa, na mgeni anayefika huko kwa mara ya kwanza kwa kawaida huzipitia moja baada ya nyingine: Zion, Bryce Canyon, Capitol Reef, Canyonlands na Arches. Katikati ya mzunguko huo, pale ambapo barabara namba 24 inakata jangwa la San Rafael, kuna kibao kinachoelekeza magharibi, na magari mengi hukipita bila kupunguza mwendo. Ukikifuata utafika Goblin Valley, hifadhi ndogo inayoendeshwa na serikali ya jimbo, ambamo maelfu ya mawe mekundu yenye vichwa vya duara na viuno vyembamba yamesimama bondeni kama watu waliokuja kwenye mkutano wa hadhara wakasahau kutawanyika.

Jina la Kiingereza linataja viumbe ambao sisi tungewaita vibwengo. Pwani kwetu vibwengo husimuliwa kuwa ni pepo wa baharini, na mtu anaweza kuuliza wamefuata nini jangwani, umbali wa mamia ya kilomita kutoka maji ya chumvi yaliyo karibu zaidi. Ukweli ni kwamba jina hilo limekaa mahali pake kuliko waliolitoa walivyodhani, kwa sababu mchanga uliofanya mawe haya uliwekwa pembezoni mwa bahari, kama nitakavyoeleza.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, hasa familia nyingi za Kongo na Burundi zilizohamia Salt Lake City na vitongoji vyake, pamoja na wageni wanaokuja kuwatembelea jamaa zao na kutaka kuona kitu kisichokuwa jengo wala duka. Ushauri wangu mkubwa nautanguliza: Goblin Valley si mahali pa kupitia saa sita mchana ukielekea kwingine. Panga kufika alasiri, ulale hapohapo au karibu, na uondoke asubuhi ya siku inayofuata. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilifika mwezi wa Julai, adhuhuri, nikiwa na chupa moja ya maji na viatu vya kanisani. Nilikaa bondeni kwa muda usiozidi nusu saa, nikarudi garini nikiamini kwamba nimeshapaona. Nilikuwa sijaona kitu.

Mawe haya yalitokeaje

Kuelewa kidogo jinsi mawe haya yalivyofanyika kutakusaidia kujua nini cha kutazama na kwa nini hairuhusiwi kuyagusa ovyo. Mwamba unaouona unaitwa Entrada, na ulianza kuwekwa katika zama za Jura, takriban miaka milioni 170 iliyopita, wakati sehemu hii ilikuwa tambarare ya ufukweni ambako maji yalikuwa yakijaa na kupwa. Bamvua lilileta mchanga, maji yakipwa yaliacha tope laini, upepo uliongeza vilima vya mchanga, na tabaka hizo zilipangana moja juu ya nyingine hadi zikafunikwa na kugeuka mawe. Ukikaribia kibwengo kimoja utaziona tabaka hizo kwa macho, mstari juu ya mstari, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani.

Mwamba huo baadaye ulipata nyufa za wima, na maji ya mvua yakaanza kuingia humo. Kona za mwamba huliwa upesi kuliko pande zake zilizo bapa, kwa kuwa kona hushambuliwa kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Hivyo pande la mraba polepole hugeuka la mviringo. Tabaka za tope zilizo chini ni laini kuliko tabaka za mchanga zilizo juu, nazo humomonyoka haraka zaidi. Matokeo yake ni kichwa kigumu kilichokalia shingo nyembamba, na shingo hiyo inaendelea kuliwa hata sasa, ijapokuwa eneo hili hupata mvua kidogo sana, chini ya milimita 200 kwa mwaka. Vibwengo vipya vinajitokeza kwenye kuta za bonde wakati vya zamani vinaanguka katikati. Aliyewahi kufika Isimila karibu na Iringa, akaziona nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na mvua, au Marafa karibu na Malindi, tayari anaijua kazi hii ya maji. Tofauti ni kwamba huko mvua imechonga nguzo na kuta zenye ncha, na hapa imechonga vichwa.

Wachunga ng'ombe waliokuwa wakitafuta mifugo iliyopotea walilijua bonde hili mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Arthur Chaffin, ambaye baadaye aliendesha kivuko cha Hite kwenye Mto Colorado, alikuwa na wenzake wawili wakitafuta njia nyingine kati ya Green River na Caineville walipoliona kwa mbali wakiwa juu ya kilima. Alirudi mwaka 1949, akakaa siku kadhaa akilipiga picha, na akaliita Bonde la Uyoga. Habari zilienea, watu wakaanza kuja licha ya ubovu wa njia, na mwaka 1964 jimbo la Utah likalitangaza kuwa hifadhi.

Jinsi ya kufika

Hakuna basi wala usafiri wowote wa umma unaofika hifadhini. Treni ya Amtrak husimama katika mji wa Green River, lakini kutoka hapo utakuwa umekwama usipokuwa na mwenyeji mwenye gari. Kwa hiyo safari hii ni ya gari binafsi au la kukodi, na habari njema ni kwamba gari dogo la kawaida linatosha, kwa sababu barabara ni ya lami hadi kwenye maegesho ya bondeni.

Kutoka Salt Lake City unashika barabara kuu ya I-15 kuelekea kusini hadi Spanish Fork, kisha unaingia barabara namba 6 inayopanda milima, kupita Soldier Summit wenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, na kushuka hadi mji wa Price. Sehemu hiyo ya milimani inahitaji uangalifu wakati wa baridi, kwa kuwa theluji inaweza kuanguka huko hata kama jangwani unakoenda kuna jua. Baada ya Price barabara inaendelea hadi inapokutana na I-70, na hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu ya mafuta. Kwenda Goblin Valley unageuka magharibi, ilhali mji wa Green River wenye vituo vya mafuta uko maili chache upande wa mashariki. Ama ujaze tangi Price, ama ukubali kupotea njia kidogo kwa makusudi uingie Green River, ujaze mafuta, ununue barafu na mkate, ndipo urudi. Ukishaiacha I-70 kwenye njia ya kutokea namba 149 na kuingia barabara namba 24, hutakutana na duka wala kituo cha mafuta hadi hifadhini, na hifadhini kwenyewe mafuta hayauzwi.

Katika barabara namba 24 utaendesha maili 24 kuelekea kusini, yaani kama kilomita 39. Vibao vyote vya Marekani vinahesabu maili, na ni vizuri kuizoesha akili mapema ili usishtuke. Kibao cha hifadhi kiko kati ya nguzo za maili namba 136 na 137. Hapo unageuka kulia katika barabara ya Temple Mountain, unakwenda maili 5, kisha unageuka kushoto na kwenda maili 7 nyingine hadi lango. Ukitokea kusini, kwa mfano kutoka Capitol Reef, utapita Hanksville, mji mdogo wenye kituo cha mafuta ambacho duka lake limechimbwa ndani ya mwamba, na kutoka hapo hadi kwenye kibao ni kama maili 20. Ujaze mafuta hapo, na uingie dukani hata kama huna haja ya kununua kitu.

Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka mjini, kwa sababu mtandao wa simu katika jangwa hili ni hafifu na sehemu nyingi haupo kabisa. Programu ya ramani ikikushauri uiache lami na kushika njia ya vumbi kwa kuwa ni fupi, usiisikilize. Njia za vumbi za San Rafael hugeuka utelezi mtupu baada ya mvua, na gari likikwama huko unaweza kukaa siku nzima bila kuona mtu. Mlima wa Temple unaoupita njiani ulichimbwa madini ya urani zamani, na mashimo yake ya zamani bado yapo. Yaangalie ukiwa barabarani, usiingie.

Wakati wa kwenda

Miezi bora ni Machi hadi Mei, na Septemba hadi katikati ya Novemba. Hifadhi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, hewa yake ni kavu, na joto la mchana hupishana sana na baridi ya usiku. Mwezi wa Oktoba unaweza kula chakula cha mchana ukiwa na fulana na kula cha jioni ukiwa na koti na kofia ya sufu. Majira ya kuchipua yana upepo unaobeba mchanga, na wenye matatizo ya pumu au macho watafute miwani na kitambaa cha kufunika pua. Katika Juni, Julai na Agosti joto linaweza kupita nyuzi 38 za Selsiasi, na bondeni hakuna mti hata mmoja wa kukupa kivuli isipokuwa kivuli cha vibwengo vyenyewe, ambacho saa sita mchana ni kiduchu. Julai na Agosti pia huwa na mvua za radi za alasiri, na hizo ndizo hatari kuliko joto. Wakati wa baridi kali bonde huwa tupu na zuri, na theluji ikikaa juu ya vichwa vyekundu picha zake hazina mfano, lakini usiku halijoto hushuka chini ya sifuri, na mwenye mtoto mchanga afikiri mara mbili.

Lango, ada na mahali pa kulala

Hifadhi hufunguliwa kila siku kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku kwa wageni wasiolala. Ada hulipwa kwa gari, na kwa kuwa hubadilishwa mara kwa mara, iangalie kwenye tovuti ya idara ya hifadhi za jimbo la Utah kabla ya kuondoka. Jambo moja huwakwaza wengi: kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa haikubaliwi hapa, kwa sababu hii ni mali ya jimbo na ile ni ya serikali ya shirikisho. Nimewahi kumwona mzee mmoja akiibisha hoja hiyo dirishani kwa muda mrefu, foleni ikiongezeka nyuma yake, na mwishowe akalipa.

Uwanja wa kambi ni mdogo, una nafasi takriban dazeni mbili tu, umejificha chini ya ukuta wa mwamba kilomita chache kutoka bondeni. Una vyoo, mabafu na maji ya kunywa, lakini nafasi hazina umeme. Kuna pia yurti mbili, yaani mahema makubwa ya mviringo yenye vitanda, ambayo yanawafaa wasio na vifaa vya kambi au wanaosafiri na wazazi wenye umri. Nafasi hizi, hasa yurti na siku za mwisho wa wiki za majira ya kuchipua na ya kupukutika, huwekwa miezi kadhaa kabla. Usiende kwa matumaini kwamba utapata papo hapo. Ukikosa, hoteli ndogo zipo Hanksville na Green River, ingawa utalazimika kuendesha usiku na kuamka mapema zaidi ili uwahi jua.

Chakula chote uje nacho. Sisi hupika pilau nyumbani siku iliyotangulia, tukaigandisha katika vyombo vidogo na kuipasha moto kambini kwa jiko la gesi, kwa kuwa kuosha masufuria makubwa jangwani ni adhabu. Kuni nazo uje nazo kutoka mjini, uzichome ndani ya duara la chuma lililowekwa kwa ajili hiyo, wala usiokote vijiti vya jangwani, maana kijiti kinachoonekana kikavu huenda ni mmea unaosubiri mvua. Maji yahesabu lita 4 kwa mtu kwa siku, na ujaze vyombo kambini kabla ya kwenda bondeni.

Kuingia bondeni

Kutoka langoni barabara inapita karibu na mawe matatu marefu yaliyosimama pamoja, yanayoitwa Dada Watatu, na kuishia kwenye maegesho yaliyo juu ya bonde, ambapo pana banda la kivuli na meza. Simama hapo kwanza. Bonde lote liko chini yako, na kutoka juu unaweza kulisoma: kundi kubwa la vibwengo lililo mbele, matuta yanayofuata nyuma yake, ukuta wa mwamba upande wa mashariki, na mbali kusini milima ya Henry, ambayo inasemekana ndiyo safu ya mwisho kuingizwa kwenye ramani katika majimbo 48 ya bara. Chagua alama mbili au tatu utakazozitambua ukiwa chini, na banda lenyewe liwe mojawapo.

Nasisitiza hivyo kwa sababu ndani ya bonde hakuna njia. Hifadhi nyingi za Marekani humtaka mgeni asitoke kwenye njia iliyochorwa, lakini hapa unashuka ngazi, na kuanzia hapo unaruhusiwa kutembea popote miongoni mwa mawe. Uhuru huo ndio raha ya mahali hapa, na ndio unaowapoteza watu. Hutapotea kiasi cha kuhatarisha maisha kama una maji na mwanga wa jua, lakini vibwengo vinafanana, kila uchochoro unafungua uchochoro mwingine, na baada ya dakika kumi utakuwa huna hakika umetokea upande gani. Watoto ndio wanaopotea upesi zaidi, kwa kuwa mchezo wa kujificha unawajia wenyewe bila kufundishwa. Mpe kila mtoto filimbi, mkubaliane kwamba asiyemwona mwenzake anasimama alipo na kupuliza, na mtu mzima mmoja abaki mahali palipoinuka.

Kundi la kwanza la vibwengo, lililo karibu na ngazi, ndilo lenye watu wengi. Vuka tambarare hiyo, panda tuta la upande wa kusini na uingie sehemu za nyuma, ambako wageni wachache hujisumbua kufika. Mawe ya huko ni makubwa zaidi na yamekaribiana, mengine yakiwa bado nusu yameshikamana na ukuta, na hapo unaweza kuona kazi yote ya mmomonyoko kwa hatua: kwanza ukuta mzima, kisha ukuta wenye nyufa, kisha nguzo, kisha kibwengo, na mwisho kifusi cha mchanga mwekundu. Ukiwa hapo, nyamaza kwa dakika chache. Upepo ukitulia kunakuwa kimya mno kiasi cha kusikia nguo zako zikisuguana.

Saa nzuri kuliko zote ni ile ya mwisho kabla ya jua kuzama na ile ya kwanza baada ya kuchomoza. Mchana jua likiwa utosini mawe huonekana bapa na ya rangi ya kahawia iliyochujuka, na hilo ndilo kosa langu la Julai. Jioni rangi inarudi, vivuli vinarefuka, na ghafla kila jiwe linapata pua, paji la uso na mabega. Watu hubishana kwa furaha kuhusu nani anaona nini. Mwanangu aliapa kwamba ameona bibi aliyebeba mtungi, mimi nikaona ngamia aliyekaa.

Kuhusu kugusa, sheria ni rahisi: tembea katikati ya mawe, piga picha, kaa kivulini, lakini usipande vichwa vyake, usiyasukume na usichonge jina. Oktoba 2013, watu wazima waliokuwa wamefuatana na kundi la vijana wa skauti walilisukuma jiwe moja hadi likaanguka, huku wakijirekodi kwa video na kushangilia. Walidai kwamba walihofia lingemwangukia mtoto. Video ilisambaa duniani, wakafunguliwa mashtaka, na mwaka 2014 wawili wao wakakiri makosa, wakawekwa chini ya uangalizi wa mahakama na kutakiwa kulipa. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, lakini mimi hukitumia kuwaeleza vijana jinsi shingo za mawe haya zilivyo dhaifu: mtu mmoja kwa mikono yake aliweza kuangusha kilichosimama kwa muda mrefu kuliko historia yote ya binadamu iliyoandikwa.

Wanaotaka njia zilizowekwa alama wanazo chache nje ya bonde lenyewe. Njia ya Carmel Canyon ni mzunguko wa maili moja na nusu unaoshuka kwenye korongo, na njia ya Curtis Bench hupita juu, kwenye mwamba wa kijivu-kijani ulioufunika ule mwekundu, ikikupa mandhari ya bonde na ya milima ya Henry kwa pamoja. Njia ya Entrada Canyon inaunganisha kambi na bonde, hivyo mwenye kulala kambini anaweza kuliacha gari kabisa. Kisha kuna Goblin's Lair, pango refu kama msikiti mkubwa, ambalo mwanga huingia kupitia matundu ya juu. Kulifikia kwa miguu ni kama maili moja na nusu kwenda, na mwishoni unapanda kifusi cha mawe kwa mikono na magoti. Wengine huingia kwa kushuka na kamba kupitia paa, na hao lazima wachukue kibali ofisini na wawe na ujuzi wa kamba. Hilo si jambo la kujifunzia huko. Vilevile mwenye droni aulize ofisini kabla ya kuirusha.

Viatu viwe vya kufunika vidole na vyenye nyayo zisizoteleza. Kofia ya ukingo mpana ni bora kuliko kapelo, kwa kuwa jua hurudishwa pia na ardhi. Nyoka aina ya kayamba wapo jangwani, wale wanaotikisa mkia, pamoja na nge. Hawakufuati, ila usiingize mkono usipopaona, na kung'uta viatu vyako asubuhi kabla ya kuvivaa. Nje ya bonde, mahali penye udongo wenye ukoko mweusi wenye vinundu, usikanyage: ukoko huo ni viumbe hai vidogo vinavyoshika mchanga usipeperuke, na alama ya kiatu kimoja huchukua miaka mingi kupona.

Usiku

Mwaka 2016 Goblin Valley ilitambuliwa kimataifa kuwa hifadhi ya anga lenye giza, na hapo ndipo ushauri wangu wa kulala unapopata nguvu yake yote. Hakuna mji mkubwa karibu, taa za hifadhi zimefunikwa zisiangaze juu, na usiku usio na mwezi nyota ni nyingi kiasi kwamba makundi unayoyajua yanakuwa magumu kuyatambua. Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kuweka nafasi: mwezi mwandamo ni kwa wanaotaka nyota, na mwezi mpevu ni kwa wanaotaka kutembea bondeni na kuviona vibwengo vikiwa na vivuli usiku. Mimi napendelea mwezi mpevu, ingawa najua wenye kamera watanipinga.

Chukua tochi ya kichwani yenye mwanga mwekundu, ambao hauharibu macho yaliyokwisha zoea giza. Yapa macho dakika 20 kabla ya kuhukumu. Usiku wa Oktoba, Kilimia kinachomoza mashariki mapema, kilekile ambacho wakulima wa kwetu wamekitumia tangu zamani kujua majira ya kulima. Lakini kwa mtu aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam, cha ajabu zaidi ni Nyota ya Kaskazini, ambayo kusini mwa ikweta haionekani, na hapa imetundikwa juu, karibu nyuzi 38 kutoka upeo wa macho, haihami usiku kucha. Ukiwa bondeni gizani, hiyo nayo ni alama ya kukurudisha: maegesho yako upande wa kaskazini. Hata hivyo usiingie bondeni usiku ule wa kwanza bila kulipitia kwanza mchana.

Asubuhi ya pili: korongo la Little Wild Horse

Baada ya kuliona jua likichomoza bondeni utabakiwa na nusu siku, na matumizi yake bora ni korongo la Little Wild Horse, ambalo liko nje ya hifadhi, katika ardhi ya shirikisho, maili chache magharibi kutoka njia panda iliyo karibu na lango. Kuingia ni bure. Mwanzo unatembea katika mkondo mkavu wa mto. Punde si punde korongo linagawanyika, kushoto likiwa Bell na kulia Little Wild Horse. Shika la kulia. Kuta zake zinakaribiana hadi mabega yanagusa pande zote mbili, na kuna mahali mtu mnene itabidi apite kwa ubavu huku begi akilishika mkononi. Ukitaka kuzunguka yote mawili ni kama maili 8, kazi ya saa nne hadi tano; wenye watoto waingie tu kwa saa moja, kisha warudi walikotoka.

Korongo hili lisiingiwe kama kuna dalili yoyote ya mvua, hata mvua ya mbali. Maji yanayokuja na mafuriko ya ghafla huenda yamenyesha kilomita nyingi kutoka ulipo, chini ya anga ambalo wewe unaliona la buluu, na ndani ya kuta hizo hakuna pa kupandia. Mei 2020 mafuriko ya namna hiyo yaliwaua watoto wawili waliokuwa humo na familia yao. Kwa hiyo asubuhi hiyo, kabla ya kukunja hema, nenda kwenye ofisi ya hifadhi uwaulize askari wa hifadhi kuhusu utabiri wa siku hiyo na hali ya korongo, kwani baada ya mvua za siku zilizopita madimbwi hubaki humo yakafika magotini au zaidi. Wakikuambia usiende, rudi barabara namba 24, geuka kusini hadi Hanksville, jaza mafuta kwenye kile kituo cha ndani ya mwamba, na uendelee magharibi maili 37 hadi kituo cha wageni cha Capitol Reef, ambako unaweza kuitazama mvua ikinyesha ukiwa umekaa barazani.